Je, wajua kwa nini pampu ya bwawa la kuogelea huzunguka bila kuleta maji?

Mota inanguruma kama kawaida. Ukichungulia kwenye kile kifuniko kinachoonyesha ndani, maji yanachezacheza nusu ya kikapu cha kunasa majani, na kule bwawani matundu ya kurudishia maji yanatema mapovu. Hapo wengi husema pampu imekufa. Mara nyingi ni nzima kabisa, ila imekula hewa.

Tumezoea kusema pampu inavuta maji, na hapo ndipo tunapopotea. Impela, lile gurudumu dogo lenye mapanga lililojificha ndani, kazi yake ni kuyatupa maji pembeni kwa kasi, hivyo presha inashuka pale katikati. Kinachoyaleta maji ya bwawani kujaza nafasi hiyo ni uzito wa hewa inayolikandamiza bwawa kutoka juu. Ndivyo mrija wa soda unavyofanya kazi, na mrija ukiwa na tundu, hata la sindano, unaambulia hewa.

Impela nayo hewa haiiwezi. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800. Chukua pampu inayoweza kupandisha maji mita 10: ikijaa hewa tupu, mfyonzo wake unainua maji milimita 12 hivi tu, yaani unene wa kidole. Ndiyo maana pampu iliyokauka hujazwa maji kwanza kwenye chungu cha kikapu, kisha kifuniko kinafungwa, ndipo inawashwa.

Sasa, hewa inaingilia wapi? Tundu la upande wa kufyonza lina hila yake: pampu ikiwa inafanya kazi halidondoshi hata tone. Ndani presha iko chini kuliko nje, kwa hiyo maji hayatoki, hewa ndiyo inayoingia. Unaweza kukagua bomba lote ukaliona kavu, na bado linakuhujumu. Mimi huanza na mpira wa duara wa kifuniko, maana ndio unaoguswa kila kikapu kinaposafishwa. Punje moja ya mchanga ikikaa chini yake inatosha. Mwagia maji kuzunguka kifuniko huku pampu inazunguka. Mapovu ya ndani yakipungua ghafla, umeshampata mwizi. Kwenye maungio ya bomba paka povu la kunyolea ndevu, uone linafyonzwa wapi. Mpira ukiwa mzima, usafishe na uupake grisi ya silikoni. Ila kabla ya yote hayo, angalia usawa wa maji bwawani: yakishuka chini ya mdomo wa skima, lile tundu la ukutani linalofyonza maji ya juu, pampu inafyonza upepo na hakuna kilichoharibika.

Geji, yaani kipimo cha presha, iliyo juu ya filta (chujio la maji) nayo inasema mengi. Maji yakija kidogo huku mshale umepanda juu kuliko kawaida, kizuizi kiko mbele ya pampu, kule maji yanakoelekea, na kwa kawaida ni filta iliyochafuka. Mshale ukiwa umeanguka, tafuta nyuma, kule maji yanakotoka, au ndani ya pampu yenyewe: kikapu kilichojaa majani, valvu iliyofungwa, hewa, au nywele zilizojisokota kwenye impela. Ukisikia mlio kama wa kokoto zinazosagwa, pampu ina kiu. Presha imeshuka mno hadi maji yanachemka yakiwa baridi, na vipovu vyake vinapopasuka vinailamba impela polepole.

Ikivuma tu bila kuzunguka, hilo ni jambo jingine. Kata umeme kwenye swichi kuu, kisha jaribu kuzungusha shafti, ule mhimili unaoiunganisha mota na impela, kwa mkono. Ikigoma, kuna kitu kimekwama kwenye impela au beringi zimeshika. Ikizunguka kwa ulaini, mshukiwa ni kapasita, inayoipa mota ya fezi moja msukumo wa kuanzia. Hiyo mwachie fundi umeme, kwani hubaki na chaji hata baada ya umeme kukatwa.

Yapo pia matone yanayotokea kati ya mota na pampu. Hapo ni sili ya shafti, kizibo kinachozuia maji yasivuje, na mara nyingi huungua pampu ikiendeshwa kavu, kwa sababu maji yanayopita ndiyo yanayoipoza. Watu huyapuuza kwa kuwa ni machache. Maji hayo hutambaa kwenye shafti hadi kwenye beringi ya mbele, na ile kelele ya kukwaruza inayosikika baadaye ni kutu.