Vidonge vya vitamini baada ya upasuaji wa tumbo si vya miezi michache

"Uzito umeshuka, nakula vizuri, vitamini za nini tena?" Kauli hii husikika sana kwa waliopunguzwa tumbo na kuunganishiwa utumbo upya ili wapungue uzito. Ni kosa.

Upasuaji huu haupunguzi tumbo tu. Chakula huruka sehemu kubwa ya tumbo pamoja na mwanzo wa utumbo mwembamba, mahali hasa ambapo madini ya chuma na kalsiamu hufyonzwa. Njia hiyo hairudi kama zamani kidonda kikipona, kwa hiyo hata mlo bora hautoshi. Vidonge ni vya maisha yote.

Kinachowadanganya wengi ni vitamini B12. Ini huwa na akiba yake inayoweza kudumu miaka, ndiyo maana mtu huacha vidonge na asione lolote, mpaka ganzi ya miguu au upungufu wa damu ujitokeze. Ganzi hiyo ikicheleweshewa matibabu huenda isiishe kabisa. Vitamini B1 ni kinyume: akiba yake ni ya wiki chache tu, hivyo kutapika siku kadhaa mfululizo ni safari ya hospitali, si jambo la kuvumilia nyumbani.

Pima damu angalau mara moja kwa mwaka. Mizani haioni haya. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu viachanishe kwa saa mbili hivi. Na tukiwa bado kwenye vidonge: dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuleta kidonda pale utumbo ulipounganishwa. Mwambie mfamasia kuhusu upasuaji wako kabla hajakupa dawa ya maumivu.