Uzi wa milimita 39 si kibali cha kila lenzi

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya wapenda kamera unasema lenzi kuukuu yenye uzi (mistari ya skrubu ya kuifungia kwenye kamera) wa milimita 39 inafaa kamera yoyote ya uzi huo. Kuingia itaingia; picha ni suala lingine. Kamera za renjifaida (zinazopima umbali kwa kitundu tofauti na lenzi) za uzi huo huacha milimita 28.8 kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye filamu, ila kamera za Zenit za mwanzo, zenye kioo cha kuakisi ndani, huacha 45.2, hivyo lenzi ya renjifaida ikifungwa humo, vitu vya mbali hutoka ukungu. Lenzi ya Jupiter-12 ya milimita 35, yenye muundo wa Biogon, lenzi ya Kijerumani ya miaka ya 1930, ndiyo ya kuogopa: kitako chake kimetokeza sana, kinaweza kugonga kioo. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Igeuze lenzi utazame nyuma, kisha pima kwa rula kutoka mdomo wa kamera hadi usawa wa filamu.