Kiti cha mtoto garini hakitolewi kwa nguvu
Wengi huamini kwamba kiti cha mtoto kilichobana garini hutolewa kwa kukivuta kwa nguvu. Ni rahisi kudhani hivyo, lakini kinachokishikilia ni mkazo wa mkanda, na kukivuta huuongeza. Legeza kwanza mkanda wa juu nyuma ya kiti, kama upo. Kisha kandamiza kiti kwa goti mpaka siti ya gari ibonyee; mkanda ukilegea, kitufe chake hubonyezeka bila taabu. Mkanda uliojifunga, yaani uliokwama na hauvutiki tena, usiuvute: uache urudi wote ndani, ndipo utafunguka. Viti vingi vya ISOFIX, yaani vinavyonasa kwenye vyuma vya gari badala ya kufungwa kwa mkanda, vina vitufe viwili vya kuvifungulia, kimoja kila upande. Kijitabu cha kiti huonyesha vilipo. Ukikirudisha, kitikise pale mkanda unapopita: kisisogee zaidi ya sentimita 2.5.