Jeni imenyamaza, mbona protini bado ipo?

Mwanafunzi wangu alinijia maabarani akiwa mnyonge. Jana yake alikuwa ameingiza kwenye seli siRNA, kipande cha RNA cha kunyamazisha jeni. RNA mjumbe, yaani nakala ya jeni ambayo seli huisoma ili kutengeneza protini, ilikuwa imeshuka sana, lakini protini iko palepale. "Dokta, imekataa," akaniambia.

Haijakataa. Mtu wa Kisauni anaijua hali hii: mfereji ukikatwa leo, kesho asubuhi bado unaoga, maana tangi la juu lina maji. siRNA hukata mfereji tu. Ni kipande kifupi cha RNA chenye nyuzi mbili, kila uzi nukleotidi ("herufi" za RNA) 21 hivi. Ndani ya seli, uzi mmoja hushikwa na mkusanyiko wa protini uitwao RISC, ukatumika kuisaka RNA mjumbe inayooana nao, nayo hukatwa. Protini iliyokwisha kutengenezwa haiguswi. Itavunjika kwa wakati wake, na nyingine hukaa siku kadhaa. Ndiyo maana RNA naipima saa 24 hadi 48 baada ya kuingiza siRNA, protini saa 48 hadi 72. Lakini ukichelewa mno, seli zinazogawanyika zitakuwa zimegawana siRNA hadi ikaisha nguvu.

Kwa nini fupi hivyo? Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walinyamazisha jeni za minyoo kwa nyuzi ndefu, lakini seli zetu zikiona nyuzi ndefu hudhani ni virusi. Mwaka 2001 kundi la Thomas Tuschl lilionyesha kwamba fupi hupita salama.

siRNA ina chaji hasi, na utando wa seli vilevile, kwa hiyo tunaifunika kwa mafuta yenye chaji chanya. Mafuta hayo yana sumu yake, tena huzipenyeza antibiotiki za kwenye chakula cha seli hadi ndani, zikazidisha sumu hiyo; basi antibiotiki ziondolewe kwanza. Msimu wa kaskazi nasisitiza glavu zibadilishwe kila mara: jasho letu lina vimeng'enya vinavyokula RNA.

Nisilolilegezea kamwe ni ulinganisho. Nukleotidi ya 2 hadi ya 8 za ule uzi ulioshikwa na RISC zikioana na RNA mjumbe nyingine, utanyamazisha jeni usiyoikusudia. Kwa hiyo siRNA mbili tofauti kwa jeni moja, dozi ndogo, nanomola 10 ikitosha, na pembeni siRNA isiyolenga jeni yoyote.

Mwanafunzi akarudia hivyo. Saa 72 ukanda wa protini, ule mstari mweusi unaoonyesha protini ni nyingi kiasi gani, ulikuwa umefifia kwa siRNA zote mbili. Kwenye seli za kulinganisha, zilizopewa siRNA isiyolenga jeni yoyote, mweusi kama kawaida.