Jirani amejenga bila kibali? Tafuta bikoni kwanza

Mama mmoja wa Likombe, hapa Mtwara, alinijia na picha nane kwenye simu, zote za ukuta uleule. "Hana kibali, mwanangu. Nataka ubomolewe." Nikamuuliza: ukuta umesimama kwako au kwake? Akanyamaza.

Wengi wanachanganya mambo mawili. Kujenga bila kibali ni ugomvi wa mjenzi na halmashauri. Ndiyo yenye notisi na ile X nyekundu. Kujenga ndani ya kiwanja chako ni ugomvi wake na wewe, hata awe na kibali chenye mihuri mitatu. Ukija barazani na hoja ya kibali peke yake, utaulizwa: wewe umeumia wapi?

Kwa hiyo tulianza na mpima. Bikoni, lile jiwe la mpaka wa kiwanja, ilikuwa imefukiwa na kifusi cha zege karibu na mkorosho. Ilipofukuliwa na kamba kuvutwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ukuta ulikuwa umeingia kwa mama karibu mita nzima.

Hatua inayofuata ni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya 2021 kata inasuluhisha tu, haihukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti cha kata cha kuonyesha usuluhishi umeshindikana.

Sheria inakupa miaka 12 kudai ardhi yako. Zuio la muda, yaani amri ya kusimamisha ujenzi kwanza, halina subira hiyo: liombe msingi ukiwa bado unachimbwa. Nimeona watu wakingoja mpaka bati lipigwe, ndipo wanakimbilia kwa wakili. Hapo baraza linaweza kuona fidia inakutosha, nyumba ikabaki.

Na nyundo usiishike mwenyewe, hata ukiwa na hukumu mkononi. Unaomba kukazia hukumu, yaani itekelezwe, na dalali wa baraza ndiye anayebomoa. Ukijichukulia sheria mkononi, wewe mwenye haki ndiye utakayelala polisi kwa kuharibu mali. Kumbuka pia aliyeshindwa ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Shauri la mama halikufika wilayani. Jirani alipoiona ile bikoni aliishiwa maneno. Wakaandikishana kwenye kata. Ukuta ukashushwa bloku moja moja, na zile zilizosalimika akajengea choo, safari hii upande wake.