Maana ya kutoadhibiwa: uhalifu unapokosa wa kuujibia

Kutoadhibiwa, au ukwepaji sheria kama wengine wanavyosema, ni hali ambapo uhalifu umetendeka, waliotenda wanajulikana au wangeweza kujulikana, na bado hakuna anayesimamishwa kizimbani akajibu. Tusiichanganye na kinga ya kutoshtakiwa, ambayo huandikwa kwenye katiba na kuwekewa mipaka. Wala si msamaha, kwa sababu anayesamehewa kosa lake limekwisha kutajwa. Kutoadhibiwa hakuandikwi popote. Ni kazi ya mikono ya watu: mpelelezi aliyezembea, mbunge aliyepiga kura ya hapana, anayempigia shahidi simu usiku.

Kenya inatosha kuonyesha jinsi hali hii inavyojengeka. Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007 Rais Mwai Kibaki alitangazwa mshindi wa uchaguzi wa urais dhidi ya Raila Odinga, akaapishwa Ikulu saa hiyo hiyo giza likiingia. Nchi ikawaka. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, 405 kati yao kwa risasi. Mamia ya maelfu wakawa wakimbizi wa ndani.

Januari 2008, mjini Kisumu, kamera ya televisheni ilimnasa askari akimfyatulia risasi kijana katika maandamano. Nchi nzima iliona. Askari alishtakiwa kwa mauaji, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ikamwachilia: namba ya bunduki iliyoletwa kama kielelezo haikulingana na ya bunduki aliyodaiwa kutumia. Hapo jaji hakuwa na la kufanya, maana mtu hafungwi kwa ushahidi uliovurugika, na ndivyo inavyopasa kuwa. Lakini ushahidi haujivurugi wenyewe. Vivyo hivyo kwa kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lililochomwa Siku ya Mwaka Mpya na watu wakiwa ndani, wengi wao wanawake na watoto. Washtakiwa wanne waliachiliwa mwaka 2009, na jaji akaulaumu waziwazi upelelezi wa polisi.

Na haya hayakuanza 2007. Mapigano ya kikabila ya uchaguzi wa 1992 na wa 1997 yalichunguzwa na Tume ya Akiwumi, ikapendekeza watu wachunguzwe, ripoti ikawekwa kabatini. Aliyewasha moto mara ya kwanza akalala kwake salama, kwa nini aogope mara ya pili? Ndiyo maana Waki hakuiamini kabati. Majina ya washukiwa wakuu aliyatia kwenye bahasha, akamkabidhi Kofi Annan, aliyekuwa mpatanishi wa mgogoro huo. Februari 2009 Bunge likakataa kuunda mahakama maalumu ya nyumbani, na bahasha ikaishia kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kule The Hague, Uholanzi.

Huko nako kesi ziliporomoka. Mashtaka ya kuhusika na ghasia hizo dhidi ya Uhuru Kenyatta, aliyekuwa rais wakati huo na aliyeyakanusha daima, yaliondolewa Desemba 2014 kwa kukosa ushahidi. Ya William Ruto, aliyekuwa naibu wa rais, na mtangazaji wa redio Joshua Sang, waliokanusha pia, yalifutwa Aprili 2016, na mmoja wa majaji akaeleza kwamba mashahidi walikuwa wameingiliwa. Kufutwa huko hakukuwa hukumu kwamba hawana hatia, wala hakukuwa hukumu kwamba wanayo. Kwa walioathirika maana yake ni moja tu: hawataambiwa na mahakama ni nani aliyepanga.

Waliodai haki wakati huo waliambiwa "kubali yaishe", au kwa lugha ya wazee, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Naiheshimu methali hiyo, ila naona inatumiwa vibaya. Aliyezika mtoto hawezi kuambiwa kwamba yamepita, na mganga asiyeuliza ulianza kuumwa lini hagangi kitu.

Haki za binadamu zinaidai serikali mambo mawili hapa. La kwanza, isiue raia. La pili husahaulika: ikiwa raia ameuawa au amebakwa, na yeyote yule, serikali ichunguze kwa dhati na kushtaki. Ikikaa kimya, ukimya huo nao ni ukiukaji wa haki. Hoja hii ilijaribiwa mahakamani. Mwaka 2013 manusura 8 wa ukatili wa kingono wa ghasia zile, wanawake 6 na wanaume 2, waliishtaki serikali yao wenyewe Nairobi. Desemba 2020 Mahakama Kuu iliwapa wanne kati yao fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Wanne wengine hawakupata kitu.