Je, wajua kwa nini programu ileile ya kuhakiki saketi huweza kumaliza kazi upesi au kuishiwa na kumbukumbu?

Chukulia kwamba wanafunzi wa uhandisi hapa Mombasa wamepewa kazi ya kusanifu saketi ya kengele ya lango la kivuko cha Likoni, na kwamba lango hilo lina njia tatu: kengele ilie iwapo katika njia yoyote kuna gari ilhali kizuizi chake kimeachwa wazi. Sharti hilo lina vigeu sita, yaani mambo yanayoweza kuwa ndiyo au hapana, viwili kwa kila njia: gari na kizuizi. Kompyuta hulihifadhi kama mchoro wa maamuzi, ambamo kila nodi huuliza swali moja la ndiyo au hapana mpaka jibu lifikie 1 au 0. Nodi zinazofanana huunganishwa, na zisizobadilisha jibu huondolewa. Mwaka 1986 mwanasayansi wa kompyuta Randal Bryant alionyesha kwamba, mpangilio wa vigeu, yaani utaratibu wa kuviuliza, ukishawekwa, kila sharti lina mchoro mmoja tu, kwa hiyo saketi mbili zenye mchoro uleule hufanya kazi ileile.

Uzito wote umo katika mpangilio huo. Tukiuliza kuhusu gari la njia ya kwanza na kizuizi chake, ndipo tuendelee na njia ya pili, tutapata nodi 8, zikiwemo mbili za majibu. Tukiuliza kwanza kuhusu magari yote matatu, zitafika 16, kwa kuwa mchoro unalazimika kukumbuka ni njia zipi zina magari kabla haujagusa kizuizi hata kimoja. Njia zikiwa 20, mpangilio wa kwanza hutumia nodi 42, na wa pili nodi 2,097,152.

Kwa hiyo anayelinganisha kwa majaribio programu za kujenga michoro hii, kama CUDD na BuDDy, hana budi kuzipa mpangilio mmoja na kumbukumbu sawa. La sivyo atakuwa amepima mipangilio, si programu. Mbinu ya Richard Rudell ya mwaka 1993, ambayo husogeza kila kigeu juu na chini hadi kipate nafasi nzuri, ikiwashwa, muda wake uandikwe kando. Hata idadi ya nodi yataka uangalifu: CUDD huruhusu sharti na kinyume chake kushiriki nodi zilezile, jambo ambalo BuDDy haifanyi.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa zaidi ni kuziacha nje saketi zilizoshindikana. Katika mkusanyo wa saketi za majaribio uitwao ISCAS, wa mwaka 1985, imo c6288, saketi ya kuzidisha namba mbili za biti 16, na Bryant alithibitisha mwaka 1991 kwamba kwa kuzidisha, mchoro hukua kupita kiasi kadiri biti zinavyoongezeka, hata uchague mpangilio gani. Programu ikikwama hapo, jedwali liseme imekwama baada ya muda gani na kwa kumbukumbu kiasi gani, maana wastani wa saketi zilizofaulu pekee huipendelea programu iliyokata tamaa mapema.